Njia Panda Isiyoua vya Kutosha

Shangazi yangu alianza kusimamisha magari kwenye njia panda ya sokoni baada ya kustaafu kazi ya usafi hospitalini. Hakuna aliyemtuma. Kila asubuhi huegemeza kiti chake cha plastiki kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na watoto wa shule wanapokusanyika huingia barabarani na kitambaa chekundu. "We mwenye lori! Breki umeazima?" Madereva hununa, lakini husimama.

Mwezi uliopita aliniambia jambo alilowaficha wengine. "Baba, macho yamekwisha. Siku hizi gari naliona likishanifikia, na daktari amesema miwani haisaidii. Nyinyi wa halmashauri leteni hizo taa, nipumzike."

Mimi ni mhandisi wa barabara wa halmashauri. Niliingia kikaoni na michoro ya taa na kivuko, pamoja na njia tatu za kupata fedha: mkopo wa benki, tozo kwa maduka ya pale sokoni, au ruzuku ya mfuko wa usalama barabarani.

Mkopo ulikataliwa kabla chai haijamiminwa. "Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema mweka hazina, ambaye watumishi humwita Kufuli. "Hata paa hili bado tunalilipia." Sote tukatazama juu, kwenye doa la maji linalozidi kutanuka.

Tozo ilimgusa diwani mmoja, mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi. "Mheshimiwa mwenyekiti, magari ni ya watu, barabara ni ya serikali, halafu mfuko uwe wangu? Mimi ndiye ng'ombe wa kukamuliwa?"

"Ng'ombe gani huyu, kila akiguswa anapiga mateke," alinong'ona Kufuli, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti alicheka pia, kisha akaiahirisha tozo "kwa mashauriano zaidi", maneno ambayo ofisini kwetu ni jina la heshima la kaburi.

Ikabaki ruzuku. Mfuko huitoa kwa alama, na alama hutokana na vifo.

"Pale sokoni wamekufa wangapi?" mwenyekiti aliniuliza.

"Hakuna, mheshimiwa. Yupo mama mmoja anayesimamisha magari."

Kufuli alifunga faili. "Basi hatuna alama. Njia panda ya machinjioni inazo."

Nilieleza kwamba mama huyo ni mzee, na kwamba macho yake yanafifia.

"Anunuliwe miwani," alisema diwani. "Ni nafuu kuliko taa."

Walicheka tena. Sikuweza kuwaonea wivu watu wa machinjioni. Nao wana watoto, na wamewazika. Kilichonikereketa ni kwamba katika hesabu ile yote hapakuwa na mahali pa kuandika kifo ambacho hakikutokea. Kikao kiliazimia kumtunuku mama huyo hati ya shukrani na kizibao cha njano kinachong'aa. Nikakabidhiwa mimi nimpelekee.

Shangazi alikipapasa kizibao kwa vidole. "Na taa?"

"Mwakani wataangalia tena."

"Wataangalia! Wao si wana macho." Alicheka peke yake. "Hebu niambie. Nikikaa nyumbani, hizo alama zitapatikana?"

Nilimnyooshea hati ya shukrani.

"Jibu, baba. Si wewe uliyesoma?"

"Zitapatikana, shangazi."

Alikivaa kizibao, kikamfika magotini. "Basi kwangu hawazipati."

Asubuhi iliyofuata sikwenda ofisini. Nilisimama naye ukingoni mwa barabara, nikiwa na tai yangu ya kikaoni, huku watoto wakishikana mikono nyuma yetu na diwani akifungua duka bila kututazama. Lori la saruji lilikuwa likiteremka kutoka upande wa kushoto. Shangazi alikwisha kuinua kitambaa, uso ameuelekeza kulia, kwenye barabara tupu.

"Sasa?" aliuliza.

Nilimshika kiwiko, nikamgeuza taratibu kulielekea lori.

"Bado, shangazi."