Uwanja wa Mchanga Chini ya Sanya Juu

Mzee Aminieli aliacha safari za Zambia akiwa na miaka sitini na tatu, lakini lori lake la Leyland hakuliuza. Kila Jumamosi aliliosha mwenyewe, akaliwasha, akakaa ndani akiisikiliza injini kama mtu anayesikiliza redio. Wazo la kambi lilikuwa lake. Desemba hiyo ya 1997, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, wapenzi wa malori waje Moshi na magari yao, walale siku mbili porini chini ya Sanya Juu, wachome mbuzi, washindane kupiga honi.

Kornelia alichaguliwa katibu. Alikuwa mjane, mama wa Violet, mwenye Isuzu la kusomba ndizi kutoka Tarakea, na mwandiko wake ulisomeka. Aliandika barua thelathini na moja. Nyuma ya kila barua alichora ramani kama Mzee alivyomweleza: pita kanisa la bati, kata kushoto, utaona uwanja wa mchanga. Makondakta wa mabasi wakazichukua. Ndipo, katikati ya Novemba, waandaaji wakaenda kupaona mahali penyewe.

Walikwenda watatu kwa Leyland: Mzee, Kornelia na Shedrack, fundi breki wa mtaa wa Pasua. Mvua za Elinino zilikuwa zimeanza, ila siku hiyo huku chini jua liliwaka. Mlima ndio haukuonekana. Tangu juzi ulikuwa ndani ya wingu jeusi.

Uwanja ulikuwa mzuri kweli, mpana, tambarare, umekingwa na kingo mbili ndefu. Kornelia akainua macho. Nyasi kavu zilikuwa zimenasa kwenye matawi ya mgunga, juu kuliko paa la lori. Akatazama mgunga wa pili. Huko nako zimenasa, usawa uleule.

"Mzee, zile nyasi zimefikaje kule juu?"

"Upepo, Mama Violet. Huku upepo unabeba hata mbuzi."

Shedrack akacheka. Kornelia hakucheka.

Juu ya ukingo alipita mwanamke na mzigo wa majani kichwani. Akasimama.

"Mmeharibikiwa?"

"Hapana, mama," Shedrack akajibu. "Tunatafuta mahali pa kupiga kambi."

"Humo?" Akawatazama mmoja mmoja. "Mwaka juzi maji yalimchukua shemeji yangu humo na ng'ombe wake wanne. Mchana, jua linawaka hivihivi." Akaondoka haraka, wala hakugeuka.

Kornelia alitaka kusema twendeni. Lakini Mzee ndiye aliyemfundisha kuendesha, mumewe alipofariki na mashemeji wakitaka kuliuza Isuzu. Hakuweza kumpinga mara mbili mbele ya Shedrack. Akanyamaza.

Mzee akateremsha Leyland mchangani ajaribu kama pangebeba malori yenye uzito. Magurudumu ya nyuma yakazama. Wakachimba, wakatandika matawi, wakachimba tena. Ilipofika saa nane Kornelia alihisi hewa ya baridi ikishuka korongoni, ina harufu ya tope. Ndege walikuwa wamenyamaza, na hakujua tangu saa ngapi.

Kisha wakasikia mngurumo.

"Hilo lori," Shedrack akasema. "Limebeba mzigo, hilo."

"Siyo lori," Kornelia akasema. "Tokeni! Tokeni humo!"

Shedrack akatupa sepetu akakimbia. Mzee akapanda kwenye usukani. "Linatoka!" akapiga kelele. "Linatoka sasa hivi!"

Kornelia, aliyekwisha kufika ukingoni, alirudi. Alimshika mkanda wa suruali, akamvuta kama anavyovuta mkungu wa ndizi, wakaanguka, wakaukwea ukingo kwa magoti. Maji yakakata kona, ya kahawia, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Leyland likasimama kidogo, injini inaunguruma. Likageuka ubavu. Honi ikaanza kulia yenyewe, ikalia mpaka maji yalipoifunika.

"Breki ya mkono nilifunga," Mzee akasema. "Nilifunga."

"Ulifunga, Mzee."

Kornelia alikuwa akizifikiria zile barua. Watu thelathini na mmoja walikuwa na ramani ya mahali hapa, na mkono uliochora ulikuwa wake.

Alipiga simu kutoka posta, akatuma barua mpya za kufuta kambi, akasubiri mabasi stendi kila alfajiri. Hadi wiki ya Krismasi watu thelathini walikuwa wamejibu. Eliufoo wa Tunduma hakujibu.

Tarehe ya kambi ilipofika, Kornelia aliliweka Isuzu lake katikati ya njia, penye kanisa la bati. Mzee alikaa ndani, pembeni yake. Mlima ulikuwa umefunikwa tena. Saa tano likatokea Scania jekundu, limepambwa riboni, linapiga honi toka mbali.

"Shikamoo, Mzee! Mbona mmeziba njia?" Eliufoo akaita. "Nimetembea siku tatu. Wenzetu wako chini?"

"Hakuna mtu chini," Kornelia akajibu.

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza. Mama, sogeza gari."

"Sisogezi," Kornelia akasema. "Niliona dalili siku ile nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Mzee akashuka, akaenda akashika mlango wa Scania kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyewaita hapa," akasema. "Nilikosea, mwanangu. Ningewaua wote. Zima injini usikie."

Eliufoo akamtazama, kisha akazima. Huko chini, nyuma ya migunga, maji yalikuwa yakipita.