Gari Lisilo na Kelele

"Mama, toka hapo kidogo."

Dada yangu Ramla hakutoka. Alikaa juu ya mwamba mweusi wa Buhene, kitenge kiunoni, mawe yake yaliyopakwa chokaa yamemzunguka. Mbele yake gari la umeme, la buluu, liling'aa kama sufuria ya harusi. Nyuma yake walisimama Wazungu wa jarida la magari na kamera zao, pamoja na mkalimani, Mulumeoderhwa wa Bukavu, jasho likimtoka.

"Banataka mahali peusi tupu, Mama," alisema huyo mkalimani. " Bila mawe, bila mutu."

"Bila mutu? Na miye niko nani?"

Chini ya mwamba ule ilikuwa nyumba yake. Mwaka uliotangulia, Mei 2021, mlima Nyiragongo ulitema moto, na moto ulipopoa ukawa mwamba, hapakubaki njia, ukuta wala mti wa kumwonyesha mtu pake. Kila mmoja alipima kwa macho, akabishana na jirani, akapanga mawe, akayapaka chokaa. Hiyo ndiyo hati yetu pale. Mawe yakiondoka leo, kesho mwingine amepanga yake.

"Basi akae," mkalimani alileta jibu. "Batakutoa kwenye picha na mashine."

Ramla alicheka. "Batanitoa aje, na miye sitoki?"

Na ni mimi niliyewalisha! Mimi, Mwanaheri, nipendaye nyumba ijae. Mgahawani kwangu Majengo walikula ugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mpaka wakalamba vidole. Umeme ulikuwa umekatika, nikawaazima na jenereta. Waliificha nyuma ya mwamba, ikanguruma mchana kutwa, ikafuka moshi mpaka mbuzi wakakohoa, ikililisha lile gari lao safi. Samaki wangu wakaozea kwenye friji. Nikavumilia; wageni, nikasema moyoni.

Jarida lilitufikia mwaka uliofuata, ndani ya furushi la mitumba. Waasi walikuwa wamekata njia ya Rutshuru, Kanyaruchinya imejaa mahema ya wakimbizi, na madereva wasio na pa kwenda wakishinda kwangu, chai mkononi, umbea mdomoni. Julien, mmoja wao, alisoma Kifaransa akitafsiri kwa sauti:

"'Gari hili halina kelele, halina moshi. Tulisikia upepo tu.'"

Chumba kizima kikapasuka. "Upepo wa jenereta ya Mama Mwanaheri!"

"Ngojeni. 'Tumelipatia nyota nne. Ya tano limeikosa kwa sababu viti vya nyuma ni vigumu. Tulilijaribia mahali pasipoishi mutu.'"

Kicheko kikakatika. Nilimnyang'anya jarida. Mwamba, gari, mbingu. Mawe hayapo. Ramla hayupo. Wamempangusa kama mchuzi uliomwagika mezani. Kobalti, madini ya betri zao, wanaiona mpaka chini ya ardhi ya nchi hii. Mtu aliyekaa juu yake mchana kweupe, hawamwoni!

Buhendwa, dalali wa viwanja, alijifuta sharubu. "Munaona? Hata Ulaya banajua pale hapana mutu. Na miye niko na muteja tayari. Mama Ramla aache usumbufu."

Nilichukua kikombe chake, nikamwaga chai barabarani.

"Toka kwangu, Buhendwa! Nyingine ukainywe kwa hao Bazungu!"

Alitoka, lakini hakwenda mbali. Alisimama upande wa pili wa mlango, akitabasamu.

Nikataka kulichana jarida niwashie makaa. Nilikwisha kuukamata ule ukurasa, jua la mlangoni likauangukia. Hapo nikaona. Kwenye ubavu wa gari, ule walioung'arisha mpaka ukawa kioo, alikaa mwanamke mdogo kama punje ya mchele, kitenge kiunoni. Mawe meupe yalimzunguka.

"Ramla! Njoo!"

Alitoka jikoni, anakonisaidia kupika, akijifuta mikono. Madereva wakampisha. Aliinamia ukurasa kwa muda mrefu, na Buhendwa naye akanyoosha shingo kutoka nje, tabasamu limemkauka.

"Balisahau kunitoa hapa," alisema Ramla, kidole juu ya ule mlango wa buluu.

Nilidhani atacheka, au atalia. Aliniuliza tu chokaa iliyobaki iko wapi. Nikamwonyesha. Alibeba ndoo, akachukua na brashi, akampita Buhendwa bila kumsalimia, akashika njia ya Buhene.