Uzi Mweusi wa Mlimani

Bibi Rampig alikuwa ameshaketi garini kabla boneti haijafunguliwa. Alivaa blauzi yake nyeupe ya hekaluni, mshipi wa njano kiunoni, kikapu cha sadaka mapajani: ndizi, keki za mchele, kuku wa kuchoma aliyekunjwa miguu. Tangu avunjike nyonga, kumpandisha garini ilikuwa kazi ya watu wawili, naye akishapanda hashuki mpaka afike anakokwenda.

"Mama, shuka kwanza unywe kahawa," alisema binti yake, Mama Suarti. "Baba Suarti anabadilisha plagi."

"Abadilishe. Nimemshika mkono?"

Ilikuwa sikukuu ya hekalu la kijiji alikozaliwa, huko juu mlimani. Kati ya watoto wa mama yao alikuwa amebaki yeye na dada yake Kicen tu, na macho ya Kicen yalikuwa yamekwisha. Wajukuu humleta hekaluni alasiri ya sikukuu, wakamrudisha kabla ya giza. Mara ya mwisho walipokutana, Kicen alimpapasa mdogo wake uso mzima ndipo akamjua. Bibi Rampig hakumsimulia mtu, lakini Mama Suarti alikuwepo, aliona.

Pikapu yao ilikuwa imeanza kuchoka vilimani, ndiyo maana Baba Suarti alinunua plagi mpya. Gereji ilikuwepo njia panda, ila yeye alisema plagi si figo, mtu hubadilisha mwenyewe nyumbani.

Plagi zilikuwa nne, zimepangwa mstari toka mbele hadi nyuma. Mbili za katikati alizibadilisha moja moja, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Alipofikia zile za miishoni, ya mbele na ya nyuma, akachoka na utaratibu, akachomoa nyaya zote mbili kwa mpigo. Zilikuwa nyaya za sokoni, rangi moja, urefu mmoja.

"Mama Suarti, nipe uzi."

"Wa nini?"

"Niweke alama. Nisije nikachanganya."

Akampa nyuzi zilizobaki kwenye sadaka, mweusi na mwekundu. Hapakuwa na la kuuliza zaidi. Katika dini yao rangi ya mlima ni nyeusi, ya bahari ni nyekundu, na watu wa pale hawana habari na kushoto na kulia. Hata mtu akiwa na punje ya wali usoni huambiwa iko shavu la mlimani au la baharini. Gari lilikuwa limeelekeza pua baharini. Waya wa plagi ya nyuma, iliyo upande wa mlima, Baba Suarti akaufunga uzi mweusi. Wa plagi ya mbele, iliyo upande wa bahari, akaufunga mwekundu. Akarudi nyuma hatua, akaitazama kazi yake, akaipenda.

Ndipo Bibi Rampig alipogonga kioo.

"Naangalia bahari," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na sadaka inaangalia bahari. Miungu iko nyuma yangu. Niende kwao kinyumenyume?"

Akaitwa jirani yao Gerdu, gia ikawekwa huru, wakalisukuma gari na Bibi ndani yake, wakalizungusha uani mpaka pua ikaelekea mlimani. Bibi akatulia. Baba Suarti akainama tena kwenye boneti, akachomeka nyaya zake: mweusi mlimani, mwekundu baharini. Akapiga stata.

Gari liliwaka. Likatetemeka kama mbwa aliyetoka mtoni, silensa ikalia kama fataki, ikanyamaza, ikalia tena. Kuku wakahamia kwa jirani.

"Linamisi," alisema Gerdu.

"Nasikia."

"Linamisi sana."

"Gerdu, nina masikio."

Wakaanza kutafuta ugonjwa. Gerdu alisema plagi ni feki. Wakarudisha zile za zamani, gari likatetemeka vilevile. Wakarudisha mpya. Wakapima mwanya wa kila ncha kwa kipande cha pakiti ya sigara. Wakatafuta ufa kwenye kauri, wakakaza, wakalegeza, wakakaza.

"Labda nyaya," alisema Gerdu. "Mweusi uko wapi?"

"Mlimani."

Gerdu akautazama mlima, akautazama waya. "Kweli. Mwekundu?"

"Baharini."

"Basi nyaya hazina kosa."

Mama Suarti akaweka kijisadaka cha maua juu ya boneti, na kijiti cha ubani. Wakapiga stata. Gari likakitikisa kikaanguka.

Kivuli cha mnazi kilikuwa kimeshahama kutoka jikoni hadi kisimani. Gerdu akauliza kama ampakie Bibi kwenye pikipiki yake.

"Nyonga yangu ina vyuma," alisema Bibi Rampig kutoka dirishani. "Nikianguka tena mtaniokota kwa sumaku."

Mama Suarti akampelekea wali kwenye jani la mgomba, ale huko huko.

"Tutafika, Mama."

"Kicen huondoka kabla ya giza," alisema mama yake, akala kidogo. Halafu akasema, "Asubuhi nilikuwa naangalia bahari. Mkanigeuza, naangalia mlima. Kote huko sijaenda. Mngeniacha tu nilivyokuwa."

Mama Suarti akabaki amesimama na maji mkononi. Akaitazama pua ya gari. Akautazama mlima.

"Baba Suarti, zile nyuzi ulizifunga saa gari linaangalia wapi?"

"Baharini."

"Na sasa linaangalia wapi?"

Gerdu akatoa sigara yake ya karafuu mdomoni, akaishika tu.

"Basi zibadilishe," alisema Mama Suarti. "Mweusi uweke kwenye hiyo plagi ya nyuma."

"Ya nyuma iko baharini sasa."

"Ndiyo."

"Unataka nifunge mweusi baharini?"

"Ung'oe uzi, basi."

"Nikiung'oa nitajuaje upi ni upi?"

"Hapo mwenzio ana haki, Mama Suarti," alisema Gerdu.

Mama Suarti aliwatazama wote wawili, akaona jua lilipo, akaenda nyuma ya gari na kuweka mabega. Wakasukuma.

"Mnanigeuza tena," alisema Bibi Rampig.

"Kidogo tu, Bibi."

Pua ilipofika baharini, Baba Suarti akachomoa nyaya mbili, akachomeka mweusi mlimani, mwekundu baharini. Akapiga stata. Injini ikanguruma kwa sauti moja, kama mtu aliyeshiba. Akageuza gari kwa usukani, wakaondoka.

Walipofika, Kicen alikuwa ameshateremshwa ngazi za hekalu, mjukuu huku na mjukuu huku. Baba Suarti akasimamisha gari mbele yao kabisa. Bibi Rampig akashusha kioo, akautoa uso nje.

Mkono wa Kicen ukaja. Ukapita kwenye paji, ukashuka puani, ukazunguka kidevu.

"Umechelewa," alisema Kicen.

"Nilipanda gari tangu asubuhi."

"Na una punje ya wali."

"Wapi?"

"Shavu la baharini."

Bibi Rampig akautafuta mlima kwa macho, kisha akafuta shavu lenyewe.