Baba Kwenye Mdomo wa Tangi

Baba yangu anaosha matangi ya maji, yale makubwa meusi yanayokaa juu ya mapaa ya maghorofa. Anaingia kwa miguu, anasugua kuta kwa brashi, anazoa tope la chini kwa kopo, na mimi niko nje juu ya ngazi nampokea ndoo. Shule ikifungwa hiyo ndiyo kazi yangu. Naipenda kwa sababu juu ya paa hakuna wageni wa kusalimiana nao.

Basi likizo ilipoanza tukaenda kwenye jengo la ghorofa nne. Baba akatumbukiza miguu kwenye mdomo wa tangi kama kawaida. Makalio yakapita kwa kusukumana. Kitambi kikasema hapana.

Akakwama. Chini haendi, juu harudi. Akaweka viwiko kwenye ukingo kama mtu aliyekaa dirishani anaangalia mtaa.

"Kimya," akaniita. Ananiita hivyo kwa sababu siongei sana. "Nenda kaniitie mtu. Lakini asiwe Redio."

Redio ni mlinzi wa jengo lile, na jina lake limemkaa. Bahati mbaya ndiye peke yake aliyekuwa karibu. Hata sijamaliza kumweleza, wapangaji wote wako juu ya paa, wengine na vijiko vya kupikia mkononi.

"Fundi, hapo umepandwa au umeota mwenyewe?"

"Mwagilieni, atachanua!"

"Acheni utani nyie, leteni sabuni ya vyombo."

Wakammwagia sabuni, wanaume wawili wakamshika makwapa, wakavuta. Akatoka na mlio wa kizibo cha chupa. Watu wakapiga makofi. Baba naye akainama kama mwigizaji aliyemaliza igizo, akacheka na wao. Lakini mimi namjua. Akiona haya anajikuna sikio, na siku hiyo alijikuna mpaka tukafika chini.

Chini tukamkuta mwenye jengo, mama mmoja mrefu ambaye hapendi maneno mengi. Yeye hakucheka.

"Fundi, umenioshea matangi haya miaka mingi, sina ninayemwamini kama wewe. Ila maji ya watu hayawezi kusubiri kitambi. Nakupa mpaka likizo iishe. Usipoweza kuingia, natafuta mwembamba."

Jengo lile lina matangi sita. Kazi nyingine Baba anapata moja huku, moja kule. Likiondoka lile, hata sisi wenyewe hatuwezi kusema ana kazi.

Njiani akaniambia, "Mama yako nitamwambia. Bibi asijue." Bibi ni mama yake Baba, tunaishi naye.

Ndipo tukaanza kutafuta njia za kumpunguza. Ushauri wa bure hauna mwisho. Kinyozi alimwambia ajifunge mifuko ya nailoni tumboni chini ya shati, mafuta yayeyuke. Baba akapita mtaani anachakacha kama mfuko wa mkate unaofunguliwa, watoto wakamfuata nyuma. Jirani akamletea unga wa majani fulani, akoroge kwenye maji ya moto. Siku hiyo alishinda chooni. Hakupungua mwili, alipungua heshima. Halafu akaamua asile kabisa, jioni Mama akamkuta amekaa chini jikoni anaongea na sufuria.

Mama akasema imetosha, akampeleka kwa muuguzi wa zahanati. Muuguzi akampima, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Baba, unga utupe. Sahani ipungue, soda iishe, miguu ifanye kazi. Utachelewa, lakini utafika."

Baba akaenda kutafuta tangi bovu lililopasuka, saizi ileile ya yale ya kwenye jengo, akakata mdomo wake kwa msumeno. Akarudi nyumbani na pete nene ya plastiki. Kila jioni kabla ya kula anasimama katikati ya pete, mimi upande huu, Mama upande ule, tunaipandisha kutoka miguuni. Siku ya kwanza ilikwamia kwenye mkanda wa suruali.

"Vuta pumzi!" Mama anamwambia. Baba anavuta, mashavu yanajaa, macho yanatoka, pete haisogei.

"Tumbo limesikia," anasema, "linafikiria."

Bibi akauliza hayo ni mambo gani. Baba akamwambia ni mazoezi, siku hizi kila mtu anafanya.

Mimi pia ni mnene. Shuleni wananiita Bonge, na huwa sijibu. Baba aliponiomba tuwe tunapanda ngazi pamoja nilikataa kwanza. Akasema tutaenda alfajiri, watu wote wamelala, nikakubali. Tulienda palepale kwenye jengo la ghorofa nne, kwa sababu nyumba nyingine mtaani hazina hata ghorofa moja. Redio akatufungulia geti.

"Mnakuja kuzoea tangi au kuliomba msamaha?"

"Tunakuja kukuamsha," Baba akamjibu.

Ghorofa ya kwanza tulipanda tukiongea. Ya pili tukanyamaza. Ya tatu Baba akakaa kwenye ngazi, akaniambia, "Wewe endelea, mwanangu. Wasalimie huko juu." Nikacheka mpaka na mimi nikakaa. Mama mmoja wa ghorofa hiyo akafungua mlango kuangalia nani anacheka saa hizo. Nilitaka ngazi inimeze. Akatuangalia, akaingia ndani, akatoka na maji ya kunywa. Baada ya siku chache akawa anatusubiri mlangoni na ndala zake, tunapanda watatu. Hakuniuliza maswali, ndiyo maana nikampenda.

Miguu yangu ikaanza kuwa myepesi. Nikawa nafika juu bila kuhema sana, nawaona ndege wamekaa kwenye matangi, na jua linatoka nyuma ya majengo mengine. Nilikuwa sijui kwamba kuamka mapema kuna raha.

Lakini pete haikupanda. Ilipita mkanda kidogo, ikatulia hapo. Mama alihesabu kila kijiko alichokula Baba, hakuelewa.

Jioni moja Mama aliingia chumbani kwa Bibi kuchukua mashuka. Akamkuta Baba amekaa kitandani. Kila jioni Baba huenda kumtakia mama yake usiku mwema, na sisi tulikuwa tunamsifu kwa hilo.

"Baba Kimya!" Mama akaita.

Baba akataka kuitika, mkate ukamzuia. Mkate nusu nzima, umepakwa siagi ya karanga, uko kwenye kitambaa mapajani kwa Bibi.

"Nimempa mimi," Bibi akasema. "Mwanaume mzima analala na kipande cha tango, kwani ni sungura?"

"Mama, anatakiwa apungue."

"Apungue aende wapi? Wewe hukumwona alipokuwa mdogo. Mbavu unazihesabu kwa mbali. Nikipita naye watu wananiuliza kama huyu mtoto anakula. Nimemlea kwa taabu mpaka kajaa, namwangalia nafurahi, nyie mnataka kunirudishia yule wa zamani."

Mama akauangalia ule mkate. Baba anatafuna taratibu ili asisikike. Na mimi niko mlangoni, sijui ilikuwaje, nikasikia sauti yangu.

"Bibi, alikwama kwenye tangi."

Wote wakageuka.

"Alikwama wapi?"

Baba akameza. Akamweleza yote, sabuni, makofi, na maneno ya mwenye jengo. Alipofika kwa huyo mwembamba atakayetafutwa akaanza kujikuna sikio.

"Kwa hiyo kazi yako atapewa mtu mwingine?"

"Ndiyo, Mama."

Bibi akamnyang'anya mkate mkononi, hata kile kipande alichokuwa ameshauma.

"Nenda zako. Na kesho usije kunitakia usiku mwema, nitalala hivyohivyo."

Tangu siku hiyo hatukuhitaji askari. Bibi alihamishia kiti chake mlangoni mwa jikoni. Ukipita na bakuli anauliza linaenda wapi. Hata Mama alikuwa anaonja mchuzi kwa kujificha. Tulikula maharage, mboga za majani, papai, na wali kidogo ambao Bibi aliupima kwa macho, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri isipokuwa kwenye wali.

"Mama, angalau kijiko kimoja," Baba anamwomba.

"Kijiko gani? Kwanza pita kwenye duara lako."

Pete ikapanda. Ikaacha mkanda, ikafika kitovuni. Baba akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, akatuonyesha sote, akatoka nje akamwonyesha na jirani. Jioni ya mwisho kabla ya kwenda, pete ilipita kitovu, ikakwama mbele kidogo. Ilibaki upana wa kidole kimoja tu, basi. Vuta pumzi, vuta tena, wapi. Baba akasema, "Kesho nitaenda hivyohivyo," akalala bila kutania mtu.

Asubuhi Bibi akasema na yeye anakuja.

"Mama, ni ngazi za ghorofa nne."

"Nimekuzaa wewe, ngazi itanishinda?"

Tukamwacha anapanda polepole na fimbo yake. Juu ya paa wapangaji wameshajaa, hata yule mama wa ndala. Mwenye jengo amesimama pembeni, amekunja mikono. Baba akavua shati, akaweka miguu ndani. Makalio yakapita bila hodi. Watu wakashangilia. Kitambi kikaingia nusu, kikasimama.

"Vuta pumzi, fundi!"

"Vuta ndani! Zaidi!"

Baba akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kifua kikavimba kama puto. Hakushuka hata kidogo. Akajaribu tena. Watu wakaanza kunyamaza, na Redio naye akanyamaza, hapo ndipo nilipoogopa. Mwenye jengo akakunjua mikono. Niko kwenye ngazi karibu na uso wa Baba, nikaona macho yake yameloa.

"Kimya," akaninong'oneza, "naona basi."

Ndipo Bibi akatokea mlangoni pa paa, anahema, Redio akakimbia kumpa kiti, akakikataa. Akamtazama mwanawe alivyo, nusu ndani nusu nje.

"Huyu!" akasema kwa sauti. "Siku ya kuzaliwa alifanya hivihivi! Kichwa kimetoka, mabega yametoka, tumbo limegoma. Mkunga akamwambia, we mtoto, amua moja, unatoka au unarudi kwenu?"

Paa zima likalipuka. Baba akaanza kucheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, kinachomtoa pumzi yote mpaka anabaki kutikisika. Akatikisika, akatikisika, mara hayupo. Tumbo, kifua, kichwa, vyote vimezama. Tukasikia tu chubwi ya maji yaliyobaki chini.

Kumbe siku zote tulikuwa tunamwambia vuta, na hewa ndiyo iliyokuwa inamjaza.

Kicheko chake kikapanda kutoka ndani, kinavuma kama wako wanaume sita mle. Mwenye jengo akasogea, akagonga tangi.

"Fundi, mzima?"

"Niko nyumbani, mama! Leteni brashi!"

Yule mama wa ndala akanikumbatia, na sikujificha. Nikampa Baba brashi, nikapokea ndoo ya kwanza ya tope, ya pili, tukaosha. Aliimba muda wote. Kutoka alitoka kwa kusaidiwa, mikono juu, bila pumzi kifuani, amelowa na anang'aa, na safari hii hakuna aliyeleta sabuni.

"Kazi ni yako," mwenye jengo akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona meno. "Bado matano."

Baba akayaangalia matangi matano yamepangana, vinywa vimefungwa. Akamgeukia Bibi.

"Mama, unayo maneno mengine ya kuchekesha?"

Bibi akavuta kile kiti cha Redio, akakaa, akalaza fimbo mapajani.

"Wewe weka miguu ndani kwanza," akasema. "Nitaanza na siku uliyokula sabuni ya mwalimu."