Sauti Iliyomwita

Jina lake sitalitaja hapa, hata ukinibembeleza. Nitamwita baba Saruni, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaelewa kwa nini. Ni vichekesho vilivyotufikisha hapa, na siku hizi vichekesho sitaki hata kuvisikia.

Dairekta wetu alikuwa Felisiani, Mwiraqw mwenzangu wa Karatu. Yule mtu alitoa filamu kama kuku anavyotaga. Jumatatu anawaza, Jumamosi filamu iko kwenye vibanda umiza vya video, kuanzia Mto wa Mbu mpaka Mbulu. Kamera moja, taa hakuna, mbuzi wa kuazima. Ukikosea maneno harudii. Kosa nalo linachekesha, ndivyo alivyosema. Majina ya kuigiza alijaribu kutupatia mwanzoni, lakini ugomvi wa mchezo ukikolea tuliyasahau tukaitana ya nyumbani. Basi akaamua kila mtu aitwe jina lake mwenyewe. Mimi Dorkasi nikabaki Dorkasi, mke mwenye mdomo, ingawa huku duniani nilikuwa nauza chakula stendi na mume sina.

Baba Saruni alikuwa mfugaji wa Kimaasai kutoka Endulen. Felisiani alimwona mnadani akibishana na mnunuzi wa mbuzi, watu wamemzunguka wanashika mbavu, akamchukua siku ileile. Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu, filamu baada ya filamu. Natoka nje, natazama shamba la mahindi, naliita jina lake kwa sauti ya kuamsha wafu. Yeye anatokea nyuma yangu, taratibu, fimbo begani, wala hana habari. Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Watoto wa Karatu walinifuata sokoni wakiliita jina lile kwa sauti yangu.

Masika ya mwaka jana aliugua kifua. Alikufa kabla hatujatoa filamu yetu ya mwisho, ile tuliyopiga Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, na ndiyo nzuri kuliko zote. Nililia kama mke kweli. Felisiani naye alilia, kisha akafanya lile alilolijua. Aliitoa filamu, akaweka picha ya marehemu mbele.

Haukupita muda, Nanyori, mjane wake, akashuka Karatu. Alikataa chai, na hapo nikajua mambo si mazuri. Alieleza polepole kwamba kwao mtu akishaondoka jina lake halitamkwi tena, linapumzika naye. Kibanda cha video cha Endulen kilikuwa karibu na boma lao, na sauti ilipenya mabati.

"Kaka Felisiani, sikuja kugombana," alisema. "Saruni bado mdogo. Anasikia baba yake anaitwa, anaacha ndama, anakimbia. Mimi namfuata, namrudisha. Kesho anaitwa tena."

Felisiani alijitetea. Alisema filamu ndizo zitakazomfanya rafiki yake asife, na ukitoa jina umemaliza kila kitu, maana jina ndilo mchezo wenyewe. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilimchukia kidogo kwa kubishana na mjane, lakini nilimwelewa. Kazi yake ya miaka yote ilining'inia kwenye jina la mtu mmoja, na ni yeye aliyelitundika.

Wakakubaliana hivi. Felisiani afute jina kwenye filamu ya mwisho, aipeleke Endulen Nanyori aitazame. Akiridhika, atalifuta na kwenye nyingine zote, zibaki. Asiporidhika, kila filamu aliyocheza mumewe inafutwa yote.

Felisiani akajifungia na kompyuta. Kila nilipoita, alikata. Siku aliyonionyesha, niliona mdomo wangu unafunguka mpaka gego la mwisho, na hakuna kinachotoka. Sikucheka. Yeye alijilazimisha kucheka, akasema watu watazoea.

Tulipanda Endulen kwa gari la mizigo, tumefunikwa na ukungu. Kibanda kilikuwa na shuka jeupe lililotundikwa mbele, na madirisha yalizibwa kwa magunia mchana ule. Wakaingia Nanyori, mama mkwe wake na majirani. Saruni alikaa kwenye mapaja ya bibi yake.

Filamu ikaanza. Nikatokea pale kwenye shuka, nimejifunga kitenge, nikatazama mibuni, nikafungua mdomo. Kimya.

Lakini mtoto alikwisha kuisikia filamu ile kupitia ukutani mara nyingi kuliko tulivyodhani. Aliona yule mama ameshindwa, akamsaidia. Akaliita jina, kwa sauti yangu hasa, akiuvuta mwisho wake kama ninavyouvuta mimi.

Na baba yake akatokea, fimbo begani.

Saruni alicheka, peke yake. Wengine tuliganda. Bibi alijifunika uso kwa nguo. Felisiani alikaa tu anatazama kazi ya mikono yake, ikabidi mimi ndiye nichomoe waya. Picha ilipopotea, mtoto alishuka mapajani, akaenda nyuma ya shuka kumtafuta. Tulimsikia akizunguka huko, akiuliza kwa Kimaasai. Nanyori alikwenda akamchukua mwanawe, akapita naye mbele yetu, wakatoka.

Felisiani alizifuta zote wiki ileile, kwa mkono wake, mimi nimekaa pembeni. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, kwa maana nami nilikuwa nafutwa humo. Sasa anapiga video za harusi na hapendi kuulizwa habari za zamani.

Zilizomo kwenye simu za watu hakuweza kuzifikia. Ndiyo maana pale stendi wateja bado wananiambia, "Dada Dorkasi, hebu muite kidogo tucheke."

Nawaambia sauti imekauka, nawapakulia makande.