Mshiriki wa Nne

Tamra Oxendine aliendesha gari kwa saa mbili kutoka chuoni hadi kwao Pembroke, kwa ajili ya saini moja tu. Uhasibu, somo lake kuu, alikuwa ameumaliza. Kilichobaki ni insha ya mwisho ya somo la nyongeza, lile la rangi na kabila: amhoji mzee wa familia, insha ifike Ijumaa, la sivyo somo hilo lisingeandikwa kwenye cheti chake. Miaka mitatu alikuwa amelibeba. Darasani, kila wenyeji wa asili wa Marekani walipotajwa, vichwa vyote viligeuka kumtazama yeye. Alikuwa amechoka kutazamwa.

Bibi yake, Verlie, alikuwa jikoni akigeuza mkate wa mahindi kwenye kikaango.

"Hicho chuo hakikulishi? Shingo imekuwa kama ya kuku anayeatamia."

"Kinanilisha, Bibi. Nisainie hapa kwamba umekubali, nikurekodi."

Bibi alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

"Mshiriki wa Nne ndiye nani?"

"Ni wewe. Majina hayaandikwi, kila mzee anayehojiwa na darasa letu ana namba. Ni utaratibu wa kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

Tamra aliisoma karatasi upya. Huko kwao mgeni haulizwi anafanya kazi gani. Huulizwa watu wake ni akina nani. Naye, mtoto wa hapohapo, alikuwa amemletea bibi yake karatasi isiyo na watu.

"Baba yangu alipimwa kichwa," Bibi alisema, akizima jiko. "Watu wa serikali walikuja na vyuma vyao, eti waone kama sisi ni Wahindi Wekundu wa kweli. Wakampa namba. Mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja, akapewa nyingine. Majibu yakaja: mdogo ndiye, mkubwa siye. Baba akamwambia, 'Wewe, kumbe mama alikuokota wapi?' Wakacheka wiki nzima. Halafu Baba akaacha kucheka."

"Hayo ndiyo ninayotaka kuandika, Bibi."

"Andika. Andika mimi ni Verlie, binti Harvie Dial, wa kule Prospect. Namba sisaini."

Tamra alitoka barazani, akampigia mwalimu simu. Mwalimu alimsikiliza kwa upole, akasema anaelewa kabisa, ila kanuni ni kanuni: bila fomu hiyo insha haipokelewi. Hana mzee mwingine?

"Nimeelewa," Tamra alisema. Hakukasirika, hata hasira inataka nguvu. Angeweza kusaini mwenyewe na Bibi asingejua maisha yake yote. Alifungua kalamu, akaiweka juu ya mstari, ikakaa hapo muda mrefu. Kisha akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Somo la nyongeza liende zake.

Alirudi jikoni, akafungua daftari ukurasa mtupu.

"Haya. Harvie alikuwa mtoto wa nani?"

Bibi alimsogezea sahani ya mkate na sukumawiki, akavuta kiti.

"Kula kwanza," alisema. "Hao ni wengi."