Kadi Iliyokataa Kuamka

Ofisini walimwita Dada Mkubwa, kwa sababu mdogo wake wa tumbo moja naye alifanya kazi humo humo. Kwa miaka mingi Dada Mkubwa ndiye aliyetunza draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi yake ya mtandao. Mdogo mtu alipoajiriwa, hata kiti hakijapata joto, akaiandika upya sehemu ya umeme: kadi isipotumika ilale, ikihitajika iamke. Betri ikaanza kudumu mchana kutwa.

"Huyu binti ana kichwa!" bosi akasema mbele ya wote. "Dada mtu, ulikuwa wapi siku zote?"

Watu wakacheka. Dada Mkubwa naye akacheka, lakini wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na nyumbani mama yao alikuwa na wimbo mmoja tu: mdogo wako hivi, mdogo wako vile.

Dada Mkubwa akaifungua kazi ya mdogo wake, akaisoma mstari kwa mstari akitafuta kosa. Akalipata. Kadi ikizama katika usingizi mzito ilisahau mipangilio yake yote, na hakuna mahali mdogo mtu alipoandika irudishiwe inapoamka. Walikuwa wamejaribu usingizi mfupi tu, ndiyo maana hakuna aliyeshtukia.

Akamtazama mdogo wake akichekacheka na wenzake. Akaifunga kazi ile, asimwambie mtu.

Siku ya kuwaonyesha wateja, kompyuta ilifungwa ikaachwa mezani muda mrefu hotuba zikiendelea. Ilipofunguliwa, skrini iliwaka, lakini mtandao haukuwepo. Mdogo mtu akabonyeza huku na huku, jasho likimtoka.

"Dada," akanong'ona, "njoo unisaidie."

Dada Mkubwa alikuwa akiingoja saa hiyo kwa hamu. Ilipofika, akaiona chungu. Akavuta kiti, akaandika mistari michache, akaipakia draiva upya. Mtandao ukarudi. Wateja wakapiga makofi, bosi akamsifu hadi basi.

Mdogo mtu hakupiga makofi.

"Hukutafuta kosa," alisema walipobaki wawili. "Ulikwenda moja kwa moja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niaibike?"

"Wivu, mdogo wangu. Sina neno jingine."

Mdogo mtu akachukua mkoba wake, akatoka. Shikamoo aliendelea kumpa kila asubuhi, kwa heshima zote. Lakini kazi zake, tangu siku ile, alimpelekea mtu mwingine azikague.